Magazeti ya Watukutu na Mbuzi wa Juu ya Paa

Wadi Kabir, Maskati

Mdogo wangu Rajabu,

Natumai barua hii itakukuta umeshakula, maana nakujua: ukiwa na njaa husomi, unapekua tu kutafuta mwisho. Kama hujala, ikunje, nenda kale, ndipo urudi. Mama anaendeleaje na goti lake? Ile dawa ya kuchua niliyotuma imemsaidia, au ameifungia kabatini anaitunza kama anavyotunza kila kitu? Na wewe kifua kimepona? Mimi mzima, tena nimenenepa, ila usimwambie mtu. Joto limeanza kupanda huku, ukitoka nje adhuhuri unahisi umefungua mlango wa tanuri la mkate. Lakini ndani kuna kiyoyozi, na roho yangu imetulia.

Nakuandikia kwa kalamu na si kwa simu, kwa sababu nikikutumia sauti unaikata katikati unasema "nimekuelewa dada", kumbe hujaelewa hata nusu. Safari hii nataka unisikie mpaka mwisho. Anayekuletea ni Mwanaidi, yule mwenzangu wa Muheza tunayekutana naye Ijumaa, anakuja likizo. Kifurushi alichokupa pamoja na bahasha usikifungue bado. Narudia, usikifungue. Najua umeshakifungua.

Haya, tuje kwenye lililonikalisha chini. Ulinitumia ujumbe wenye mambo mawili. La kwanza, uliniuliza habari za magazeti ya katuni ya watoto wa Kiingereza ninayosoma na Salma: yakoje, yanachorwaje, lipi la maana na lipi takataka. La pili ukaliweka chini kabisa, kama mtu anayedondosha ganda la ndizi akidhani haonekani: kwamba wewe umeacha kuchora. Kwamba yule mwenye mashine ya kuchapa kule Tanga mjini amekwambia, "Watoto wa siku hizi wanataka simu, nani atasoma mbuzi?" Kwamba brashi na wino umemgawia mtoto wa jirani, na karibuni unaanza kupakia saruji dukani kwa mjomba. Rajabu! Nilikuwa napika vitumbua nilipousoma, nikaunguza chuma kizima.

Nitakujibu yote mawili, ila kwa mpangilio wangu mimi. Magazeti kwanza, kwa sababu jibu la lile la pili limo humo humo.

Salma nimeshakutajia, ndiye mtoto wa nyumba hii ninayofanya kazi, yuko darasa la nne. Alizaliwa Uingereza baba yake alipokuwa kazini huko, na wamerudi Maskati mwaka jana tu. Wanaishi pamoja na Bibi, mama yake Baba Salma, mzaliwa wa Unguja. Bibi anajua Kiswahili cha Unguja kilichonyooka na Kiarabu chake. Salma alikuja na Kiingereza peke yake. Basi bibi na mjukuu wakawa wanatazamana tu. Bibi anamwita, "Njoo ule, mwanangu," mtoto anatabasamu, anajitia chumbani. Bibi akawa ananiambia, "We Sikudhani, mie nna mjukuu wa picha."

Huko chumbani Salma alikuwa na magazeti yake. Kila mwezi mama yake mdogo, Raya, aliyebaki Uingereza, humtumia bunda zima kwa mkono wa yeyote anayesafiri. Bunda likifika, mtoto haonekani mpaka amalize.

Alasiri moja Bibi amekaa na kahawa yake, akaokota gazeti moja lililosahauliwa juu ya zulia. Kiingereza hajui, lakini picha ni picha. Sasa Bibi macho yake yamefundishwa chuoni kwa Kurani, yamezoea kuanza upande wa kulia. Akalifungua kwa nyuma, akaanza na picha ya mwisho, akaja nayo hivyo hivyo mpaka ya kwanza. Mimi naokota vikombe, namsikia anashangaa peke yake. "Hee! Mtoto kashikwa kabla hajafanya kitu! Ndo maana akaudhika." Akanihadithia yote: mwalimu mkuu kajaa keki usoni, keki ikamtoka usoni ikaruka hewani, ikarudi mezani ikatua vizuri na mishumaa yake, mtoto akaitazama, kisha akaenda kwao akalala. "Hadithi nzuri hii," akasema Bibi. "Mtoto mtukutu mwisho wake kapata adabu, kenda kulala."

Kumbe Salma yuko mlangoni. Alicheka, Rajabu, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaja mbio, akashika kidole cha Bibi akakivuta upande wa pili wa ukurasa: "Bibi, si huko! Anza huku!" Kiswahili hicho, bila kuambiwa na mtu. Bibi naye hakubali. "Huku ndo wapi? Huku si ndo mwisho?" Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, mmoja kwa maneno na mwingine kwa mikono, na mimi nimesimama na trei ya vikombe nimesahau nilikokuwa nakwenda.

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri tunakaa watatu. Salma anasoma na kuigiza, mimi natia Kiswahili, Bibi anakisahihisha Kiswahili changu. Na kila ukurasa unasomwa mara mbili, kwanza kwa njia ya Waingereza, halafu kwa njia ya Bibi. Salma anasema njia ya Bibi inachekesha zaidi, na mimi nakubaliana naye.

Sasa nisikilize, fundi, maana hizi ndizo habari ulizotaka. Majina yao ya Kiingereza yananitia kigugumizi, humu ndani tumeyabatiza majina yetu.

Lipo Gazeti la Watukutu. Hili hutoka kila wiki, jepesi, na ni la zamani, mababu wa watoto wa leo walilisoma. Kila ukurasa una mtoto wake na ukorofi wake, unaanza juu na kuisha chini. Kuna msichana anayeteremka mlimani ndani ya pipa la taka lenye magurudumu. Kuna mbwa aliyeiba meno ya bandia ya babu, akiyavaa watu wanamwamkia. Rangi zinapiga kelele, na mlango ukifungwa kwa nguvu mlio wake unaandikwa kwa herufi kubwa kuliko mlango wenyewe. Habari mpya ni kwamba siku hizi watukutu hawachapwi. Baba Salma anasema enzi za wazee wao picha ya mwisho ilikuwa lazima mtoto atandikwe kwa ndala. Sasa hivi keki inamrudia mwenyewe, au anapewa sahani ya mboga asizozipenda. Bibi hakupendezwa. "Bila ya bakora hadithi imekwishaje?" Mimi nalisifu kwa mbio zake, halikuchoshi. Kasoro yake ni moja, mdogo wangu: kujamba. Samahani, lakini ndiyo hivyo. Mfalme anajamba, mwalimu anajamba, hata mzimu unajamba. Waingereza na jambo hilo, acha kabisa.

La pili tunaliita la Hadithi Ndefu. Hili jipya kidogo, karatasi nzito, matangazo hakuna. Linakuja kwa posta nyumbani kwa mtoto, na jina la mtoto mwenyewe limeandikwa juu ya bahasha. Raya anasema watoto wenye simu mfukoni wanakaa mlangoni kumsubiri mtu wa posta. Rafu za katuni dukani zimekuwa fupi kuliko zamani, hilo ni kweli, mengine yamekufa. Lakini hili limezaliwa wakati huo huo mengine yanakufa, na linatembea. Mwambie hayo mwenye mashine wako wa Tanga. Na jambo lililonifanya nikukumbuke wewe: juu ya kila hadithi kuna jina la mchoraji. Salma anawajua. Anafungua ukurasa, hajasoma neno, anasema, "Huyu ni yule wa pua ndefu." Hadithi yetu humo ni ya msichana anayeendesha treni chini ya bahari, anamtafuta baba yake, na pweza anakata tiketi. Kuna ukurasa mmoja hauna hata neno, treni tu, giza, na dirisha moja lina taa. Bibi aliutazama, akasema, "Masikini, hajala huyu." Hakuna aliyemwambia hajala, ila na mimi niliona hivyo hivyo.

La tatu ni la Mfuko. Linakuja limefungwa ndani ya plastiki pamoja na vikorokoro: bunduki ya maji, buibui wa mpira, vibandiko. Ukiondoa vikorokoro, gazeti lenyewe limebaki jani la mgomba lililofungiwa mkate wa kumimina. Michoro ya haraka, vichekesho vimepashwa moto. Nalinyima sifa. Na tena lina kesi na mimi.

Kesi yenyewe hii. Alikuja mgeni, Bi Thuraya, mama mkwe wa mkubwa wake Baba Salma kazini, kumjulia hali Bibi. Mtu mzito, mpole, ana nyonga inayomsumbua. Mama Salma kabla hajatoka akanikumbusha kochi la mgeni liwekewe mto laini. Mimi napita sebuleni nakuta kimto cha mpira cha waridi kimejaa upepo. Nikasema moyoni, kweli Mama Salma hodari, kumbe ameshanunua kile cha hospitali. Nikakiweka kwenye kochi, nikakifunika kitambaa kizuri cha darizi, nikakinyoosha. Udi unafuka, kahawa iko tayari, Baba Salma mwenyewe ameshika sahani ya halwa. Bi Thuraya akakaa.

Mlio uliotoka, Rajabu, kama mtu anachana shuka ndefu polepole. Na kila mama wa watu alipojaribu kuinuka, kikatoa uliobaki. Salma alishaingia chini ya meza. Bibi hakupepesa hata jicho, akamimina kahawa akasema, "Kochi hilo lishazeeka, mwenzangu, kama sie." Bi Thuraya akapokea kikombe, "Haya tena." Wakaendelea na habari za harusi ya watu. Mimi nilikimbilia jikoni nikatia kichwa ndani ya friji, nikachekea humo mpaka machozi yakanitoka. Ndipo nilipojua kuwa kile kimto kilitoka kwenye Mfuko, na kazi yake hasa ni ile ile iliyofanya.

Baba Salma hakucheka. Mgeni alipotoka akakusanya magazeti yote, hata yasiyo na hatia, akayafungia kwenye buti ya gari. "Haya basi. Yanamfundisha mtoto utovu wa adabu." Nikajaribu kusema kosa ni langu, akaniambia, "Wewe Sikudhani huna kosa, umeweka mto tu." Basi ikawa kila asubuhi magazeti yanakwenda naye wizarani kazini kwake na kila alasiri yanarudi, na sisi hatuyaoni.

Nyumba ikapoa. Salma akarudi chumbani kwake. Bibi akaanza kuuliza, "Yule wa treni kafika wapi?" Namwambia hatujui, Bibi. Siku moja akanitazama akasema, "Mjukuu wangu wa picha karudi." Lilinichoma neno hilo. Nikaingia chumbani kwangu nikavuta sanduku, nikatoa zile kurasa zako ulizonitumia, za mbuzi Bi Mashavu. Mimi nilizisoma zamani nikacheka peke yangu, lakini mimi ni dada yako, kicheko changu kina upendeleo. Hawa watu hawakujui, hawana sababu ya kukubembeleza. Sikuwaambia ni za nani. Nikamwita Salma, nikaziweka mbele ya Bibi: "Tusome hili."

Salma alikuwa hajakaa vizuri Bibi ameshaanza, kwa njia yake ya kulia. Picha ya kwanza kwake ikawa ile yako ya mwisho: Bi Mashavu juu ya paa la mashine ya kusaga, kanga ya bibi harusi mdomoni, na mpishi Kombo yuko kwenye ngazi na kisu, bado vipandio viwili tu amfikie. Halafu Bibi akaona mpishi anateremka. Kisu kinarudi alani. Kanga inamrudia mwenyewe. Sufuria la pilau linaondolewa motoni, wageni wanarudi makwao, na mwishowe mbuzi yuko majanini, mwenye mbuzi anamkuna sikio. Bibi akafunga kurasa, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Kasalimika." Akajimiminia kahawa.

Salma alikuwa anasoma kwa upande wake, midomo inacheza. Kusoma Kiswahili ameshakuzoea. Akaruka. "Bibi! Si huko! Anza huku!"

Bibi akazigeuza. Akaanza upya, polepole, kidole juu ya kila picha, na mimi namsomea maneno. Alipofika ngazini akasimama.

"Yaani yuko juu bado?"

"Yuko juu, Bibi."

"Na kisu kinapanda?"

"Kinapanda."

"Lete nyengine."

"Hakuna nyingine."

"Vipi hakuna? Nani kachora?"

Ikabidi niseme. "Ndugu yangu, Bibi. Rajabu, yuko Korogwe."

"Kafa?"

"Hajafa. Ameacha kuchora."

Bibi akaweka kikombe chini. "Bora angekufa, tungemsomea khitma tukajua ndo basi. Mtu mzima wa afya zake anamwacha mnyama juu ya paa, yeye kenda wapi?"

"Kupakia saruji."

"Saruji!" Akanikazia macho kama mimi ndiye niliyekuajiri. "Mwambie mie nna umri huu. Nnataka kujua kabla sijaondoka. Saruji itapakiwa na wenye mabega, mbuzi huyu nani atamshusha?"

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, palepale mbele yao. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Walivyokaa wale wawili, vichwa vimegusana juu ya karatasi zako, ningekuwa na uwezo ningekuvuta kwa mkono uje uone.

Basi sikia hukumu yako, maana nimeahidi kuhukumu yote. Bi Mashavu ana uso kuliko watu wengi ninaowajua. Lile jicho lake la pembeni anapoona sufuria linasafishwa, Salma amelichora mwenyewe kwenye daftari la hesabu mpaka mwalimu akalalamika. Umejua kukata pale pale mtu anapotaka kuona. Hata lile la treni halikumfanya Bibi aweke kikombe chini. Lakini maneno unajaza! Mbuzi anakosa pa kupumulia. Jifunze kwa ule ukurasa wa treni, acha picha iseme. Herufi zako ndogo, nimeazima miwani ya Bibi kuzisoma. Na mpishi Kombo kwenye picha ya kisu ana vidole sita, Salma kavikuta. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wewe umechezea kwenu ukaambiwa nani atasoma mbuzi, umechezea Maskati umetunzwa.

Na Baba Salma? Ngoja nicheke kwanza. Juzi chakula kiko mezani yeye haonekani, gari limesimama nje, injini inanguruma. Salma akatumwa kumwita. Akarudi mbio akatuita sote dirishani. Mwenye nyumba amekaa garini na kiyoyozi chake, kofia kaivua, Gazeti la Watukutu liko juu ya usukani, na mabega yanamtikisika. Alikuwa kwenye ukurasa wa mbwa mwenye meno. Salma akagonga kioo. Baba wa watu akalificha chini ya kiti kama mwanafunzi aliyekamatwa na mwalimu.

Alipoingia ndani akaketi mezani. Bibi akamtilia wali, akamuuliza kwa upole, "Wizarani hamjambo?" Mama Salma ndiye wa kwanza kushindwa kuzuia kicheko. Jioni hiyo magazeti yakarudi sebuleni, kwa sharti kwamba vikorokoro vya Mfuko vibaki kwenye buti. Na yeye mwenyewe akaniambia, pembeni, "Ile ya mbuzi iko wapi? Mama haachi kuisema." Nikampa. Akasoma amesimama, akafika ngazini, akageuza karatasi nyuma kutafuta inaendelea wapi. Nyuma hakuna kitu, Rajabu. Nyeupe. Uso alioufanya ungekutosha malipo.

Sasa jambo limekuwa zito. Wiki iliyopita ililetwa nyama ya mbuzi. Nikaipika vizuri, na ndimu kavu, kama wanavyopenda. Bibi akasogeza sahani. "Mie sili mbuzi mpaka nijue." Tukadhani utani. Haukuwa utani. Salma naye akasogeza ya kwake, kwa kumuunga mkono bibi yake, na wakatazamana kama watu wa chama kimoja. Tangu hapo tunakula samaki wa Sidab kwa wavuvi, mchana samaki, jioni samaki. Na Idi ya kuchinja hiyo inakuja, na watu hawa Idi yao ni nyama inayofukiwa shimoni juu ya makaa mpaka iive. Baba Salma alinisimamisha jikoni, mtu wa heshima zake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sikudhani, huyo ndugu yako atamaliza lini?"

Kwa hiyo sasa fungua kifurushi, kama bado kuna cha kufunguliwa. Magazeti ni yako, tumekuchagulia mazuri, na lile la Mfuko moja ili ujue ubaya. Kalamu za wino alinunua Baba Salma mwenyewe, aliingia duka la Ruwi akauliza mpaka akapewa zile wachoraji wanazotumia. Karatasi nzito ni za Bibi, amesema zile zako zinapitisha mwanga. Na hiyo picha iliyokunjwa ni ya Salma: amemshusha Bi Mashavu kwa helikopta. Bibi ameikataa, kasema Korogwe hakuna helikopta. Salma amejibu, kwa Kiswahili, "Basi Rajabu aseme yeye!" Naye sasa hivi anachora ya pili, yenye roketi. Fanya haraka kabla mtoto wa watu hajampeleka mbuzi wako mwezini.

Brashi zako nenda kamwombe mtoto wa jirani, muombe vizuri, umpe ile bunduki ya maji iliyokuja na Mfuko aridhike. Kwa mjomba nenda ukamshukuru, mwambie dada amesema bado kidogo. Akinuna, mwambie anipigie mimi. Ukishachora kurasa zinazofuata, mpe Mwanaidi arudi nazo, na andika jina lako juu. Juu, Rajabu, kubwa, si kule pembeni unakojificha.

Mama nisalimie sana, mwambie dawa ni ya kupaka, si ya kuhifadhi. Shangazi muuza maandazi mpe salamu na mwambie bado sijapata anayemshinda. Fundi baiskeli jirani yetu mwambie nimesikia mwanawe ameoa, namtakia heri. Mwalimu wako wa zamani, yule aliyekuchapa kwa kuchora mbuzi ubaoni, ukimwona mwamkie kwa adabu, mwambie mbuzi amefika Maskati. Na mjomba, pamoja na yote, nampenda.

Mungu akupe mkono mwepesi. Mimi nakuombea kila siku, na siku hizi siombi peke yangu.

Ni mimi dada yako anayekujua,
Sikudhani

Nimeifungua tena bahasha nikuongezee hili. Baba Salma mbuzi wa Idi ameshamnunua, yuko kwa jamaa zake shambani, anakula majani mabichi na anatunzwa vizuri. Bibi amepeleka ujumbe kwamba asiguswe mpaka kurasa zifike. Kwa hiyo mbuzi wanaokungoja ni wawili. Wa juu ya paa anakuomba uanze leo. Huyu wa shambani, nahisi, anakuombea ukapakie saruji. Usimsikilize.